Mbuzi wa Mkamwana

Loisi alipoambiwa kwamba imebaki hatua moja tu, hakushangilia. Alikuwa ameshaambiwa hivyo alipomaliza kufagia wodi, akaambiwa tena alipotoka kwenye kufua mashuka yaliyoganda usaha, na akaambiwa mara nyingine alipojua kusoma na kubatizwa. Kila mara ilibaki moja. Semeni mtakavyo juu ya Wadachi, lakini kwa kuongeza masharti hawana mpinzani.

"Safari hii ni kweli," alisema Bibi Klara. Bibi huyo ndiye aliyeshika hospitali ndogo ya misheni ya Chamhoza, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mpwapwa. Alikuwa mwembamba, mchapakazi, na Kiswahili chake kilifaa kuamrishia kuliko kupigia soga. "Alhamisi Bwana Daktari anakuja kutoka Dodoma. Atawauliza maneno, wewe na Priska. Kisha atataka kuona mikono yenu inavyofanya kazi. Mkifaulu, mnaandikwa."

"Na baada ya kuandikwa, Bibi?"

"Baada ya kuandikwa umeandikwa. Hakuna tena."

Kuandikwa, yaani jina kuingia katika kitabu cha wauguzi kule boma la Dodoma. Aliyeandikwa alipewa sanduku lake la dawa, na ruhusa ya kufunga vidonda na kuzalisha bila kusimamiwa na mtu. Loisi alikuwa ameahidiwa kwamba siku hiyo ikifika atapelekwa Isunha, kijijini kwa mumewe, akafungue chumba cha dawa, na mshahara wake ungemwondoa Silvano kwenye vibarua vya reli vilivyokuwa vinamla mgongo. Tena huko Isunha mwanamke akikwama na uchungu hubebwa kwa machela hadi misheni, na wengine hufika wameshakata roho. Loisi aliwahi kuwapokea wa namna hiyo. Kila akiwakumbuka, hasira ilimpanda upya.

Kwa hiyo alikwenda kukaa na Priska nyuma ya kisima, wakaulizana maswali mpaka koo zikakauka. Priska alikuwa binti wa mwalimu wa misheni, hajaolewa, mcheshi, na mwoga wa mtihani kupita kiasi.

"Wewe Loisi utapita hata ukiwa umelala," alisema.

"Nyamaza, usinichulie."

Siku iliyofuata akaletwa mgonjwa.

Loisi alikuwa anakatiza uani na beseni la maji ya moto. Aliwaona kwanza wachukuzi, kisha akamwona Silvano ametangulia mbele yao, shati limemganda mwilini kwa jasho. Alipotambua ni nani aliyelazwa juu ya machela, aligeuza uso ukutani na kupiga magoti palepale, maji yakamwagika yote. Juu ya machela, Mzee Matonya naye akavuta shuka akajifunika uso. Wachukuzi wakapita kati yao wameinamisha macho, kwa kuwa nao ni Wagogo na walijua walichokiona.

Mzee Matonya alikuwa baba yake Silvano. Fahali wake mwenyewe, aliyemlea tangu ndama, alikuwa amemchoma pembe kwenye paja, juu kabisa karibu na kinena. Na kwa watu wa nchi ile, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawagusani, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mkamwana. Wakiwa na la kuambiana, mmoja huuambia ukuta, mwingine akasikia. Loisi na Silvano walikuwa wamebatizwa, na ubatizo ulikuwa umefuta mengi nyumbani mwao, ila hili haukulifikia. Si kwamba alimchukia mzee. Alimpenda sana, maana alikuwa mtu wa utani, mwenye jibu la haraka kwa kila jambo, na mara nyingi Loisi alicheka peke yake upande wa pili wa ukuta akimsikiliza anavyowatania wageni.

"Swedi atamwosha," Silvano alimwambia mkewe. "Usiwe na wasiwasi."

Swedi alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, Mwislamu wa Mpwapwa mjini, aliyejifunza Kidachi kwa askari na kujua Kigogo kama waliozaliwa nacho. Alimwosha mzee vizuri, akamfunga, na kwa siku ile mambo yakatulia.

Kesho yake Bibi Klara aliwaita wasichana wake wawili mlangoni mwa wodi. "Priska, wewe utamfunga mtoto aliyeungua mkono. Loisi, wewe yule mzee wa dirishani, mwenye jeraha la paja. Utaosha, utakata nyama iliyooza, utafunga. Bwana Daktari atakuwa amesimama hapo."

Loisi akasema haraka, "Bibi, naomba nibadilishane na Priska."

"Kwa nini?"

"Yule ni mkwe wangu, Bibi. Baba wa mume wangu. Simgusi."

"Hospitalini hakuna mkwe," Bibi alisema. "Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa yeyote nitamwosha. Mwenye ukoma nimemwosha, uliniona. Huyu siwezi."

"Hivyohivyo alisema msichana wa mwaka juzi. Alijua maneno yote, nikamsifu kwa Bwana Daktari, na alipofika kazini akaanza kuchagua. Huyu namgusa, huyu simgusi. Nililaumiwa mimi." Bibi Klara hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza, na hilo ndilo lililomchosha zaidi Loisi. "Bwana Yesu mwenyewe aliwaosha wanafunzi wake miguu."

"Miguu, Bibi. Hili ni paja."

Priska akaangua kicheko, akaziba mdomo. Bibi hakucheka. Alisema vitanda vimekwisha gawanywa, akaenda zake, funguo zake zikilia kiunoni.

Silvano alipoambiwa, aliketi chini nyuma ya jiko kama mtu aliyepigwa.

"Usifanye, Loisi. Nitauweka wapi uso wangu? Watasema mke wangu amemvua nguo baba yangu mbele ya Wazungu."

"Na nisipofanya? Nikafagie tena? Miaka yote hii nimeosha usaha wa watu, Silvano, ili iwe nini?"

"Sijasema uache."

"Umesema nini basi? Maana sijasikia kingine."

Silvano alichorachora mchangani kwa kijiti. Mwishowe akasema, "Kuna mbuzi wa kufungua haya ya mkwe."

Loisi alikuwa amemsahau kabisa huyo mbuzi, kwa kuwa si jambo la kila siku. Mzee akiugua na hana wa kumtunza ila mkamwana, huweza kumpa mbuzi kwa mkono wake, mkono kwa mkono, mbele ya shahidi wa ukoo. Mbuzi yule huingia zizini kwa mkamwana na kuzaa humo, na tangu hapo mkamwana huwa kama binti wa kumzaa. Anaweza kumlisha, kumwosha, kumwita baba usoni. Hakuna wa kumcheka.

Wakaenda, Silvano akaingia ndani, Loisi akasimama nje chini ya dirisha.

"Kwa hiyo mke wako anataka kuniona uchi ili Mdachi amwandike," sauti ya Mzee Matonya ilisikika.

"Ili apate kazi, baba."

"Swedi ananiosha vizuri tu. Ana mkono laini, angekuwa mwanamke ningemposa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Silvano hakucheka. Kisha mzee akapandisha sauti, akijua fika nani yuko nje. "Wewe ukuta, mwulize mke wa Silvano. Jambo hili analitaka yeye, au wanalitaka hao Wazungu wake?"

Loisi aliukaribia ukuta. "Ukuta, mwambie baba nalitaka mimi. Na umwambie tangu niingie kwake sijawahi kumwomba kitu."

"Ni kweli," mzee alisema, safari hii bila mzaha. "Hajawahi. Silvano, nenda nyumbani kalete yule jike mwenye baka shingoni. Na mdogo wangu Sila aje awe shahidi."

Loisi alirudi kazini akiwa mwepesi. Usiku ule alilala, jambo ambalo hakulitegemea.

Alhamisi asubuhi Silvano alifika na mbuzi. Mzee Sila, mwenye miguu mibovu, alikuwa amebaki nyuma njiani, na bila shahidi mbuzi asingeweza kutolewa. Basi Silvano akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko la hospitali, palipokuwa na kivuli, akarudi mbio kumchukua baba yake mdogo.

Kwenye nguzo ya jiko! Mtu mzima, mwenye akili zake, amefunga mbuzi jikoni.

Bwana Daktari alitarajiwa alasiri, lakini alikuwa amelala Mpwapwa na kuondoka alfajiri juu ya nyumbu, hivyo jua halijapanda sana akawa ameshatua. Bibi Klara hakuwa na kitoweo cha kumpa mgeni mkubwa namna ile. Alimkimbilia mpishi, na mpishi akamwonesha mbuzi. "Ameletwa na ndugu wa mgonjwa," alisema, na hakusema uongo. Ndugu wa wagonjwa walikuwa na desturi ya kuleta kuku, na mwenye nazo mbuzi, kuishukuru hospitali. Bibi Klara aliikunja mikono yake kifuani kwa shukrani. Mpishi akanoa kisu.

Wakati huo Loisi na Priska walikuwa barazani wanaulizwa maneno. Daktari aliuliza kwa Kidachi, Swedi akatafsiri. Maji ya kuchemshia mikasi yachemke kiasi gani? Mtoto mchanga asiyelia afanyweje? Mama akimwaga damu baada ya kuzaa? Loisi alijibu moja baada ya jingine. Alimwona daktari akimtupia Bibi Klara jicho la kuridhika, na Bibi akaona haya ya furaha. Harufu ya nyama ya kukaanga ilipita barazani, Loisi akafikiri, leo wanakula vizuri.

Daktari alipokwisha kula, kengele ikagongwa waende wodini. Silvano alimdaka mkewe mlangoni. Nyuma yake alikuwa Mzee Sila, anahema, ameegemea fimbo.

"Mbuzi amechinjwa," Silvano alisema.

"Nini?"

"Mpishi kamchinja. Daktari amemla."

Loisi alimtazama mumewe. "Ulimfunga wapi?"

"Jikoni. Kulikuwa na kivuli."

"Jikoni, Silvano! Jikoni!"

"Ningemfunga wapi?"

"Popote! Mtini, langoni, shingoni mwako!"

"Loisi!" Bibi Klara aliita kutoka ndani. "Tunakungoja."

Aliingia. Priska alikuwa ameanza na mtoto, akafanya kila kitu kwa utaratibu, na daktari akatikisa kichwa kukubali. Kisha wote wakageuka kumwangalia Loisi. Beseni lilikuwa tayari kando ya kitanda cha dirishani, pamoja na mkasi, pamba na dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Mzee Matonya alilala chali, macho darini. Alikuwa amekwisha kupata habari, wodini habari haichelewi.

Loisi aliosha mikono. Aliwaza Isunha, akawaza wale wanawake wa machela, akawaza ufagio. Akaamua. Kama ni aibu iwe aibu, ataibeba, na watu watachoka kusema. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akapiga hatua kukiendea kitanda. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye shuka.

"Swedi," mzee akaita kwa Kigogo, sauti ya juu, macho bado darini. "Mwulize huyo Mdachi, mbuzi wangu alikuwa mtamu?"

Daktari akataka kujua mzee anasema nini, Swedi akatafsiri. Daktari akasema ndiyo, mtamu sana, ashukuriwe.

"Basi mwambie hivi. Mbuzi yule ni wa mkamwana. Aliyempokea ndiye anayeniosha. Yeye amempokea mpaka tumboni. Na avue koti aje aoshe, mkamwana wangu huyu mwenye ndevu!"

Wodi nzima ililipuka. Mwenye homa alicheka, mwenye mguu uliokatwa alicheka, Mzee Sila pale mlangoni alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Swedi aling'ata midomo, lakini daktari alishika bega lake na kumtaka atafsiri, na Swedi, Mungu amsamehe, akatafsiri yote na ndevu zake.

Daktari hakucheka. Uso wake uliiva. Alimtazama Loisi, aliyekuwa amesimama na mkono juu ya shuka, wagonjwa wakicheka pande zote. Akasema maneno machache, makavu, akatoka.

"Anasema wodi hii haina adabu," Swedi alitafsiri kwa unyonge. "Anasema huyu bado."

*

Jioni Loisi alimweleza Bibi Klara habari ya mbuzi tangu mwanzo. Bibi alisikiliza, rangi ikimpanda na kumshuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ni mkwe wangu."

"Hukuniambia habari ya mbuzi. Mimi nitajuaje mbuzi?" Aliingia chumbani, akatoka na rupia, akaiweka mezani. "Mpe mzee. Sisi si wezi."

"Sikuja kudai mbuzi, Bibi. Mwombe Bwana Daktari anitazame tena. Kesho asubuhi, kabla hajaondoka. Nilikuwa tayari, mkono wangu ulikuwa umefika."

"Nimemwomba," Bibi alisema, na ilikuwa kweli. "Anasema mwakani. Lakini kwa sasa siwezi kukuweka pamoja na wauguzi, atauliza kwa nini. Utarudi kwenye kufagia. Ni hatua tu, Loisi."

Ile rupia ilibaki mezani kati yao, hakuna aliyeigusa.

Asubuhi daktari aliondoka na Swedi wa kumtafsiria njiani, na Priska naye akaondoka kwenda kuandikwa Dodoma. Alimkumbatia Loisi akilia, na Loisi akamwambia aende, asichelewe, nyumbu hawangoji. Hakumwonea kijicho. Alijionea huruma yeye mwenyewe, na hilo lilimuudhi vilevile.

Kisimani alikuta wanawake wanacheka. Mmoja alikuwa ameshika kidevu, anaigiza ndevu. "Mkamwana, njoo unioshe!" Walipomwona hawakunyamaza, walimkaribisha, wakamsifia mkwe wake. Yule mzee ni shujaa, walisema, amemtia Mdachi adabu mbele ya watu. Hadithi ilikuwa imeshafika Mpwapwa, na wapagazi wangeifikisha hadi Bahi. Loisi alijaza mtungi wake, akajitwisha, akaondoka.

Na jikoni alimkuta nani? Silvano, amezungukwa na wachukuzi, anaisimulia upya, na sauti ya baba yake ameiweza.

"Wewe nawe!" Loisi alisema.

"Basi, mke wangu, usinune. Mambo yameshapita, na lazima ukubali, mzee aliwapata."

"Aliwapata, ndiyo. Mzee kapata sifa. Daktari kapata nyama. Priska kapata kazi. Wewe umepata hadithi. Hebu niambie, Silvano, mimi nimepata nini?"

Wachukuzi waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Silvano alisema atarudi relini kesho, kana kwamba hilo ni jibu.

*

Siku ile Bibi Klara alikuwa amejifungia katika chumba cha wazazi na mwanamke aliyekwama, na Swedi hayupo. Hakuna aliyemwosha Mzee Matonya. Mchana joto lilipopanda, harufu ya jeraha ilienea mpaka mlangoni, na nzi wakaanza. Loisi alikuwa anafagia upande wa pili wa wodi, ameupa kitanda cha dirishani mgongo.

"Wewe ukuta," mzee alisema polepole. "Mwambie mke wa Silvano, naona hasemi na mtu."

Loisi aliendelea kufagia.

"Ukuta, mwambie nilitaka kumfunika. Walikuwa wanamtazama wote. Nikasema, macho yaje kwangu."

Loisi alisogeza ufagio chini ya kitanda kingine.

"Mwambie nitampa mbuzi mwingine."

"Ukuta, mwambie baba mbuzi wake simtaki. Nilitaka kuandikwa."

Nzi walilia juu ya bandeji. Kisha ikasikika fimbo ikigonga sakafu, na Loisi akageuka bila kukusudia. Mzee alikuwa amejivua bangili ya shaba, ameinyoosha mkononi kumwelekea, na Mzee Sila, aliyekuwa anasinzia chini ya kitanda cha nduguye, ameamka na kuokota fimbo yake iliyoanguka.

"Sila, shuhudia," mzee alisema. "Natoa kwa mkono wangu. Asiye na mbuzi karibu hutoa alicho nacho mwilini. Inatosha."

"Inatosha," Sila aliitikia. "Ndivyo ilivyo tangu zamani."

Loisi aliuegemeza ufagio. Alikwenda mpaka kitandani, akaipokea bangili, mkono kwa mkono. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimtazama mzee yule machoni.

"Baba," alisema. "Alhamisi bangili hii ilikuwa wapi?"

Mzee alifungua mdomo. Yule mtu asiyekosa jibu alimtazama nduguye, akatazama dirisha, akatazama mkono wake ambao shaba ilikuwa imeuachia alama ya kijani ya miaka mingi.

"Ilikuwa mkononi," alisema. "Yale maneno yalinijia kwanza."

Loisi aliivaa bangili. Akaleta maji, akaleta dawa ya zambarau, akavuta shuka. Alikata nyama iliyooza kidogo kidogo, akaosha, akaosha tena, mzee akisaga meno bila kulia. Machozi yalimtoka Loisi na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa safi na ilikuwa kazini. Wodi nzima ilitazama, na hakuna aliyecheka.

"Loisi!" Bibi Klara alikuwa amesimama mlangoni, aproni yake imetapakaa damu, macho mekundu kwa uchovu. "Nani amekuruhusu kumgusa mgonjwa? Wewe ni wa kufagia."

"Mwenyewe ameniruhusu, Bibi," Loisi alisema. "Amechelewa tu."

Akainama, akamalizia kuifunga bandeji.